Namba za hewa zisizoingia akilini: tatizo ni hewa, kihisi au ramani?

Mwongozo huu ni wa wale waliotundika vihisi vya bei nafuu vya kupima chembechembe za PM2.5 na PM10 (zenye upana usiozidi maikromita 2.5 na 10), iwe ukutani kwa nyumba, shuleni, msikitini au dukani, kisha wakaanza kuona kwenye ramani mambo yasiyoelezeka. Mfano ninaoutumia ni kifaa ambacho watu wengi hujiundia wenyewe: kihisi cha SDS011 chenye leza na feni, bodi ndogo yenye waifai iitwayo ESP8266, na kipimo kidogo cha joto na unyevu, vyote vikituma data kwenye mtandao wa sensor.Community ulioanzia Stuttgart, Ujerumani, mwaka 2015. Mengi ya hapa yanafaa pia kwa vihisi vya kampuni ya Plantower, vile ambavyo AirQo, mradi wa kupima hewa wa Chuo Kikuu cha Makerere, huviweka viwili viwili ndani ya kila kifaa chao.

Kabla hujashika bisibisi, jiulize: kilichobadilika ni hewa, ni kifaa, au ni jinsi namba ilivyowekwa kwenye ramani? Namba mbovu haitofautiani kwa sura na namba nzima. PM2.5 ya 48 (maikrogramu kwa mita ya ujazo) iliyoletwa na buibui ndani ya kihisi imeandikwa sawasawa na 48 iliyoletwa na taka zinazochomwa nyuma ya soko. Mtu akiipeleka ile ya buibui kwenye kikao cha mtaa kudai dampo lihamishwe, na baadaye ikagundulika, siku atakayokuja na namba ya kweli hatasikilizwa. Hewa yetu ina wagonjwa wake wa kweli, na madai yao yanastahili namba zisizoweza kupinduliwa.

Kifaa hakitokei kabisa kwenye ramani

Taa ya bodi inawaka, lakini hakuna kinachofika. Tafuta kwa simu yako waifai ya kifaa chenyewe, yenye jina linaloanza na airRohr na kumalizikia na namba ya chipu, kisha fungua anwani 192.168.4.1. Ukurasa huo hukaa wazi dakika chache tu tangu kifaa kiwashwe. Usipoukuta, chomoa umeme uchomeke upya.

Hapo angalia kwanza masafa. ESP8266 inashika 2.4 GHz peke yake, na simu nyingi mpya zikigawa intaneti hutumia 5 GHz, kwa hiyo kifaa hakioni kitu cha kujiunga nacho. Waifai za vyuo na hoteli zinazokutaka ubonyeze "nakubali" kabla ya kuingia nazo hazifai. Na kama ruta inatumia bando la kununua, hakikisha halijaisha kabla hujaanza kulaumu nyaya.

Ikiwa joto na unyevu vinafika lakini chembechembe hazifiki, kosa la kawaida ni nyaya mbili za mawasiliano kugeuzwa: TX ya kihisi iende kwenye pini ya kupokea ya bodi, na RX iende kwenye pini ya kutuma. Zigeuze ujaribu tena. Ikiwa chembechembe na joto vinafika lakini unyevu haufiki, soma maandishi kwenye kile kibao kidogo cha joto na unyevu, au muulize aliyekuuzia: huenda umepewa BMP280 badala ya BME280. Vinafanana kama mapacha, lakini BMP280 haipimi unyevu kabisa. Usiipuuze hali hii, maana bila unyevu hutaweza kutatua dalili ngumu kuliko zote, ile ya usiku.

Ukiona namba kwenye ukurasa wa ndani wa kifaa lakini ramani haina kitu, tatizo liko kwenye usajili. Namba ya chipu imekosewa tarakimu, aina ya kihisi imechaguliwa isiyo yake, au umekiandikisha kwamba kimo ndani ya nyumba, na vya ndani havichanganywi na vya nje.

Kinatoweka na kurudi

Hapa mshukiwa wa kwanza ni umeme. ESP8266 inapotuma data huvuta umeme kwa mikupuo, na chaja dhaifu ikiungana na kebo ndefu nyembamba, volti zinashuka na bodi inajiwasha upya. Badilisha kebo kabla ya kubadilisha kitu kingine. Ukitumia pawabenki, jua kwamba nyingi hujizima zenyewe zinapoona mzigo ni mdogo, na mzigo unakuwa mdogo kila feni ya kihisi inapolala kati ya kipimo kimoja na kingine.

Hatari kubwa haiko kwenye pengo lenyewe. Iko kwenye wastani unaohesabiwa juu ya pengo hilo. Umeme ukikatika mara nyingi jioni, unazikosa saa za majiko ya mkaa, foleni za magari na taka zinazochomwa baada ya maduka kufungwa, na siku yako itaonekana safi kuliko ilivyokuwa. Wapimaji wengi hawakubali wastani wa siku usiofikisha saa 18 kati ya 24. Fuata desturi hiyo, na siku isiyofikisha iache tupu kwenye ramani. Na kama kifaa chako kinaendeshwa na jenereta ya jengo umeme unapokatika, basi saa hizo kinapima moshi wa jenereta inayokilisha. Data hiyo usiifute. Itie alama.

Namba imeganda

Kama PM2.5 imekaa 999.9, umegonga dari ya SDS011, haiwezi kuandika zaidi ya hapo. Mara chache ni moshi mzito mbele ya mrija unaoingiza hewa. Mara nyingi ni mdudu au utando wa buibui umekaa kwenye njia ya leza na kurudisha mwanga muda wote. Dalili yake ni kwamba namba inapanda ghafla na haishuki hata mvua inaponyesha.

Ikiwa imeganda karibu na sifuri, elekeza macho kwenye mrija na masikio kwenye feni. Nyigu wa udongo wanapenda sana mirija ya saizi ile. Wanaingiza tope kidogo kidogo, na namba inashuka polepole kwa siku kadhaa mpaka inalala. Grafu ya namna hiyo inadanganya kwa sababu inafanana na hewa inayozidi kuwa nzuri. Kipande cha wavu laini kwenye mdomo wa mrija kinazuia yote mawili, ila kisafishwe, maana wavu wenyewe hushika vumbi ukaziba.

Jaribio la haraka: washa kijiti cha udi, kishike umbali wa mkono kutoka mdomo wa mrija, usubiri kipimo kinachofuata. Kwa mpangilio wa kawaida wa sensor.Community kipimo huja karibu kila dakika mbili na nusu, kwa hiyo usikate tamaa baada ya sekunde kumi. Namba ipande, kisha ishuke ukiondoa udi. Usiuingize udi kwenye mrija, kwa sababu moshi wake una mafuta yanayoganda kwenye kioo cha ndani. Kusafisha, tumia pampu ndogo ya mkono ya kupulizia. Usipulize kwa mdomo, utaingiza mate na unyevu.

Kama haya yote hayasaidii, piga hesabu ya umri. Mtengenezaji wa SDS011 anaipa leza yake hadi saa 8000. Ikiwaka mfululizo hizo ni siku 333, hazifiki mwaka. Ikiamka sekunde 30 katika kila dakika mbili na nusu, kwa hesabu hiyo inafika miaka minne na nusu hivi. Kabla ya kufa hufifia, na inayofifia husoma chini ya ukweli bila kutoa onyo lolote.

Namba inapanda kila usiku na kushuka jua likipanda

Hii ndiyo dalili inayowagombanisha watu. Mmoja anasema ni unyevu tu, mwingine anasema ni moshi, na mara nyingi wote wawili wana sehemu ya ukweli.

Upande wa unyevu uko hivi. SDS011 haipimi uzito wa chembe. Inamulika hewa kwa leza, inasoma mwanga unaotawanyika, kisha inakisia uzito. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, chembe hunyonya maji na kuvimba, hutawanya mwanga zaidi, na kihisi hudhani ni uchafu zaidi. Vifaa vikubwa vya rejea, vile rasmi vinavyotumika kulinganishia, hupasha hewa joto kwanza ili maji yatoke. Hiki cha kwetu hakina uwezo huo. Mtengenezaji mwenyewe ameweka kikomo cha unyevu cha asilimia 70. Sasa fikiria Mombasa, Tanga au Unguja, ambako usiku unyevu unavuka hapo mara kwa mara na upepo unaleta chumvi ya bahari. Chumvi ya kawaida huyeyuka kuwa tone la maji unyevu unapofika karibu asilimia 75. Kihisi kilicho pwani, tena kinachoelekea baharini, kitaona usiku "mchafu" hata pale ambapo hakuna anayechoma kitu.

Upande wa moshi nao una hoja nzito. Usiku wenye utulivu ardhi hupoa, hewa baridi inakaa chini, na ya joto inaifunika kwa juu. Moshi wa jioni haupati njia ya kupanda. Jijini Nairobi, kwenye mita zipatazo 1,795 juu ya usawa wa bahari, usiku wa baridi hufanya hivyo vizuri sana, na magari ya alfajiri yanamwaga moshi wao kabla kifuniko hakijafunguka. Saa hizo hizo ndizo zenye unyevu mkubwa. Kwa hiyo ukichora PM2.5 na unyevu pamoja ukaona zinapanda sambamba, hujathibitisha chochote.

Namna ya kuzitenganisha ni kutafuta siku ambazo moja ipo na nyingine haipo. Chukua usiku wenye unyevu wa asilimia 90 baada ya mvua kubwa ya masika iliyosafisha hewa: namba ikibaki chini, basi unyevu peke yake haupandishi kwako kiasi ulichodhani. Linganisha alfajiri ya Jumapili na ya Jumatatu zenye unyevu uleule. Tofauti inayobaki ni ya watu na magari. Tazama pia umbo la mlima kwenye grafu. Moshi wa jiko au wa taka hupanda kwa ghafla, una meno meno, na kihisi kilicho mtaa wa pili hakiuoni. Unyevu hupanda taratibu na kuvigusa vihisi vyote vya mji kwa pamoja.

Kuna fomula ya kusahihisha inayotumika sana: gawa namba ya kihisi kwa C, ambapo C = 1 + (κ/1.65) / (1/a − 1). Hapo a ni unyevu ulioandikwa kama sehemu ya moja (asilimia 90 ni 0.9), 1.65 ni msongamano wa chembe unaokadiriwa, na κ inaonyesha chembe zinapenda maji kiasi gani. Ukiweka κ ya 0.4, unyevu wa asilimia 50 unatoa C ya 1.24, asilimia 70 inatoa 1.57, na asilimia 90 inatoa 3.18. Namba ya 60 iliyosomwa alfajiri inageuka 19.

Wengi huishia hapo wakifurahi. Lakini moshi mbichi wa kuni, mkaa na plastiki haupendi maji kiasi hicho. Ukiweka κ ya 0.1, C ya asilimia 90 inakuwa 1.55, na ile 60 inageuka 39. Hewa ni ileile na kihisi kilekile, ila jibu la pili ni mara mbili ya la kwanza. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021 kwa wastani wa saa 24 ni 15. Siku yenye 19 iko juu kidogo ya kiwango, yenye 39 imekizidi zaidi ya mara mbili. Anayechagua κ kwa kuinakili kutoka utafiti wa Ulaya anaweza, bila kukusudia, kufuta nusu ya moshi unaovutwa na watoto wa mtaa wake.

Hapo sina njia ya mkato ya kumpa mtu. Weka kihisi kimoja au viwili kando ya kituo cha rejea kwa wiki kadhaa, ikiwezekana wakati wa kiangazi na tena wakati wa mvua, uone tofauti zinavyokwenda na unyevu wa hapo. Fomula maarufu ya shirika la mazingira la Marekani kwa vifaa vya kampuni ya PurpleAir, ya 0.524 × PM − 0.0862 × unyevu + 5.75, ilitengenezwa kwa data ya Marekani na kwa kihisi cha Plantower. Kuimwaga juu ya SDS011 ya Dar es Salaam ni kubahatisha. Zamani wengi walitegemea vituo vilivyokuwa kwenye balozi za Marekani, lakini Machi 2025 balozi hizo ziliacha kutangaza data zake, kwa hiyo bisha hodi kwenye chuo kikuu au mamlaka ya mazingira iliyo karibu. Ukikosa kabisa, chapisha namba ghafi, weka unyevu pembeni yake, na zile za juu ya asilimia 75 zitie alama.

Jambo la mwisho hapa: kama unyevu wako umekaa 99.9 mchana kutwa jua likiwaka, aliyeharibika ni DHT22, kipimo kingine cha joto na unyevu ambacho wengi hukitumia badala ya BME280. Hukwama hivyo ikiloa. Usisahihishe chochote kwa namba zake.

Vumbi unaliona kwa macho, kihisi kinasema hewa ni safi

Barabara ya vumbi, lori limepita, nguo kwenye kamba zimekuwa nyekundu, na PM10 imesogea kidogo tu. Kifaa hakijaharibika. Vihisi vya aina hii huona vizuri chembe ndogo, zile za moshi hasa, na chembe kubwa za udongo nyingi zinavipita. Feni ni dhaifu, chembe nzito hazipindi kona kuingia mrijani, na hesabu ya ndani hukisia PM10 kwa kiasi kikubwa kutokana na chembe ndogo ilizoziona. PM10 ya vifaa hivi usiitumie kupinga machimbo ya kokoto wala kiwanda cha saruji. Utashindwa, na ushahidi wako mwenyewe utatumika dhidi yako. Kwa vumbi tafuta kifaa kinachonasa chembe kwenye chujio na kupima uzito.

Kihisi kimoja kiko juu ya jirani zake daima

Kibadilishe nafasi na cha jirani kwa siku chache. Namba kubwa ikihama pamoja na kihisi, kasoro ni ya kihisi. Ikibaki ukutani, kasoro ni ya mahali, au hewa ya pale ni chafu kweli. Hakuna jaribio rahisi lenye nguvu kuliko hili, na linashangaza kwa jinsi lisivyofanywa.

Ikiwa ni mahali, simama pale saa ambazo namba inapanda. Chini ya dirisha kuna mama lishe? Kibanda cha chipsi? Bodaboda zinasubiri abiria injini zikiwaka? Moshi huo ni wa kweli na watu wanauvuta, ila unaeleza habari za kona ile, si za mtaa mzima. Kwa kupima mtaa, weka mdomo wa mrija mita 1.5 hadi 4 kutoka chini, mahali upepo unapita, mbali na mabomba ya moshi na viyoyozi. Epuka pia kubana boksi chini ya bati: SDS011 imeundwa kwa joto lisilozidi nyuzi 50, na chini ya bati saa saba mchana unaweza kuzipita.

Kifaa kizima, ramani mbovu

Kilele cha asubuhi kinaonekana saa tisa usiku. Seva huhifadhi muda wa UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko saa tatu mbele. Alama ya 03:00 ni saa kumi na mbili asubuhi ya Nairobi na Dar. Sahihisha kabla ya kukata data kwa siku, la sivyo kila siku yako itaanza na kuisha saa tisa usiku.

Kituo kimehamia mahali pengine kabisa. Nairobi iko latitudo −1.29, longitudo 36.82. Ukisahau alama ya kutoa, kituo kinatua upande wa Maralal, kaskazini mwa Kenya. Ukigeuza namba mbili, kinazama Bahari ya Mediterania kati ya Hispania na Algeria. Kosa hili huja hasa kwenye faili za data za ramani za GeoJSON, ambazo huanza na longitudo. Kikionekana Ghuba ya Guinea, sehemu zote mbili ziliachwa sifuri.

Ramani mbili zinapingana juu ya kituo kimoja. Soma kizio kwanza. Moja inaandika maikrogramu kwa mita ya ujazo, nyingine fahirisi ya hewa ya Marekani, ambayo PM2.5 ya 55.4 huiandika 150. Fahirisi hiyo ilibadilishwa mwaka 2024, mwisho wa kijani, rangi ya hewa nzuri, ukashuka kutoka 12.0 hadi 9.0, kwa hiyo ramani ya zamani na mpya zinaweza kuipaka siku moja rangi mbili.

Vipimo vya kutembea na pikipiki vinaonyesha moshi mahali pasipo na moshi. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa unakwenda mita 11 kila sekunde. Kihisi kikichelewa sekunde 10, moshi wa dampo unachorwa mita 110 mbele yake. Rudi kwa njia ileile. Ukiona kilele upande wa pili wa dampo, nusu ya umbali kati ya vilele viwili ndiyo kuchelewa kwako.

Mji mzima umepakwa rangi kutokana na vituo vichache. Programu za ramani hujaza nafasi kati ya nukta kwa hesabu, na hazikatai hata ukizipa nukta tatu. Matokeo yake ni miduara mizuri inayozunguka kila kituo, huku mitaa isiyo na kihisi ikipata rangi ya jirani aliye mbali. Moshi wa barabara hupungua sana ndani ya mita mia chache, kwa hiyo kituo cha kando ya barabara kuu hakina haki ya kuupaka rangi mtaa ulio kilomita tano kutoka hapo. Chora nukta peke yake. Mtaa usiopimwa uache mweupe, na kwenye maelezo ya ramani andika wazi kwamba nyeupe maana yake haujapimwa, kwa sababu mitaa hiyo mara nyingi ndiyo isiyo na waifai, na ndiyo iliyo karibu zaidi na dampo.